Busta ya mtandao ndani ya lori: miezi 14 katika barabara za Nevada

Swali ambalo madereva wenzangu huniuliza mara tu waonapo fimbo nyeupe iliyosimama kwenye mkono wa saitimira ya lori langu huwa ni lile lile: je, ni kweli kwamba kisanduku cha busta kilichounganishwa na fimbo hiyo huleta mtandao mahali pasipo na mtandao? Jibu ni hapana, na ingefaa liandikwe kwa herufi kubwa kwenye boksi lake, kwa sababu wote watatu niliowaona wakikirudisha dukani walirudisha kitu kizima kisicho na kasoro yoyote. Kikuza mawimbi, au busta kama tunavyoiita barabarani, husikiliza mawimbi ya mnara kwa antena iliyo nje ya gari, huyaongezea nguvu, kisha huyatangaza upya ndani ya gari kwa antena ndogo. Simu nayo inapojibu, jibu lake hupita njia hiyo hiyo kurudi mnarani. Pasipo na cha kusikiliza hapana cha kukuza, na sifuri hata ukiizidisha mara laki moja itabaki sifuri.

Hizo mara laki moja sikuzitaja kwa kutia chumvi. Tume ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilipitisha kanuni za vifaa hivi Februari 2013, na tangu Machi 2014 kila busta mpya inayouzwa nchini humu kwa watumiaji wa kawaida hulazimika kuzifuata. Kwa gari linalotembea, kifaa kinachokuza mitandao ya kampuni zote kwa pamoja hakiruhusiwi kuzidi desibeli 50, na desibeli 50 ndizo hizo mara 100,000; kile cha kishikio, ambacho simu hupachikwa juu yake, mwisho wake ni desibeli 23. Chapa zilizozoeleka, yaani weBoost, SureCall na HiBoost, zote zimefungwa kamba moja, ndiyo maana sioni haja ya kutaja ninayotumia mimi. Zipo pia zinazokuza mtandao wa kampuni moja tu, ambazo kanuni huziruhusu nguvu zaidi, lakini mimi natumia laini mbili za kampuni mbili tofauti, hivyo hazikunifaa. Kilichotenganisha siku nilizopata mtandao na siku nilizokosa hakikuwa jina lililochapwa kwenye kisanduku bali mahali antena zilipofungwa, jambo nililolielewa baada ya kupoteza fedha na Jumapili mbili.

Lori ni langu mwenyewe, lina kitanda nyuma ya kiti, na kwa sehemu kubwa ya mwaka hubeba vipuri vya migodini kutoka Salt Lake City au Reno kwenda miji midogo ya Nevada ya kati. Barabara ninayoipita zaidi ni US-50, ile ambayo jarida la Life liliiita mwaka 1986 barabara yenye upweke kuliko zote Marekani, na ambayo watu wa huko waliligeuza tusi hilo kuwa biashara ya fulana na vibandiko. Kutoka Fallon hadi Austin ni kama maili 110, kutoka Austin hadi Eureka maili 70, na kutoka Eureka hadi Ely si chini ya 75. Ukitoka Ely ukashika US-6 kwenda Tonopah, utapita zaidi ya maili 160 bila kukuta pampu ya mafuta. Sura ya nchi yenyewe ndiyo huamua habari ya simu. Milima ya Nevada imejipanga safu kwa safu kutoka kaskazini kwenda kusini, na US-50 inakwenda mashariki, kwa hiyo dereva hupanda kilele, hushuka katika bonde pana tambarare, hupanda tena, na kadhalika siku nzima. Juu ya kilele simu hushtuka na ujumbe wa saa mbili huingia kwa mkupuo. Ukishaanza kuteremka, basi.

Kwa mwenye gari dogo anayepita mara moja kwa mwaka, hali hiyo ni sehemu ya utamu wa safari. Kwa dereva wa mizigo ni mambo mengine kabisa. Sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 ndani ya saa 14, kisha nipumzike saa 10 mfululizo, na kifaa cha kuhesabu saa kilichomo ndani ya lori hakijui kwamba saa zangu zimekwisha nikiwa bondeni. Wakala anayenipa mizigo hutaka picha ya hati iliyosainiwa mara tu ninaposhusha, na asipoipata kabla ya ofisi kufungwa, malipo husogea siku moja mbele. Lakini nikisema ukweli, sikuinunua kwa ajili ya wakala. Saa mbili usiku wakati wa kiangazi huku Nevada ni saa kumi na mbili asubuhi nyumbani Muheza, Tanzania, saa ambayo mama ameshaswali, amewasha jiko na ameshika simu akinisubiri, na mtu anayelala bondeni siku nne kwa wiki hana namna ya kumweleza mama yake kwa nini hapatikani.

Sasa nije kwenye ufungaji, ambao ndio sehemu kubwa ya tathmini hii. Nilianza kwa kununua seti ya gari dogo, iliyokuwa na antena fupi yenye kitako cha sumaku, kwa sababu ilikuwa na nafuu ya zaidi ya dola 100. Nilipoiweka juu ya paa la lori ilikaa kama kikombe mezani, yaani ilikaa bila kushika, kwani kichwa cha lori langu ni cha alumini na kofia yake ya juu ni ya faiba, na sumaku haishiki kimojawapo. Wenye pikapu nao wasijidai wako salama: Ford F-150 za kuanzia toleo la 2015 zina bodi ya alumini, na nimemwona mtu akizunguka moja kwa dakika nzima akitafuta mahali sumaku itakapokubali. Nilirudisha seti ile nikachukua ya malori, ambayo antena yake ni fimbo ndefu inayokazwa kwa skrubu ya kipimo kile kile cha antena za redio za CB, zile ambazo madereva huzungumzia barabarani, hivyo huingia kwenye vishikio ambavyo kila kituo cha malori huuza.

Kwa uvivu na kwa kuamini kwamba fundi ndiye fundi, nilipeleka lori kwenye karakana moja iliyo njiani, nikalipa dola 180. Fundi alitoboa tundu nyuma ya kofia ya faiba ili kupitisha waya, akasimamisha antena ya nje juu ya paa upande wa nyuma, kisha akabandika antena ya ndani darini juu ya kitanda, kwa hoja kwamba huko ndiko ninakolala. Kazi ilikuwa safi kwa macho, nyaya zimefichwa, hakuna kilichoning'inia. Nilipowasha, taa ya kisanduku ilikuwa nyekundu, ikawa nyekundu Fallon, ikawa nyekundu Austin, na simu haikuonyesha tofauti yoyote.

Aliyewahi kuhudhuria harusi yoyote ya kwetu anajua kilichotokea. MC akikaribia spika huku ameshika kipaza sauti, kipaza sauti hunasa sauti ya spika, huirudisha kwenye mashine, spika huitoa kubwa zaidi, kipaza sauti huinasa tena, na ghafla ukumbi mzima hufunika masikio. Busta nayo ina kipaza sauti chake, ambacho ni antena ya nje, na spika yake, ambayo ni antena ya ndani; zikisikiana, kifaa huanza kujikuza chenyewe, na kwa kuwa kelele hiyo ingevuruga mnara na simu za wengine, kanuni za FCC zinakitaka kijipunguze au kijizime. Kwenye gari la bati la chuma, paa husaidia kuzitenga antena mbili hizo. Faiba haisaidii kitu: kwa mawimbi ya redio ni kama pazia la khanga. Fundi wangu alikuwa ameziweka antena zikitazamana kupitia pazia, umbali wa nusu mita.

Jumapili ya kwanza niliihamisha antena ya nje hadi kwenye mkono wa saitimira ya upande wa abiria, nikaikaza kwa kishikio cha CB, na taa ikageuka kutoka nyekundu kuwa ya njano. Jumapili ya pili niliishusha antena ya ndani kutoka darini, nikaibandika chini kabisa ya dashibodi upande wangu wa kushoto, ikielekea kwenye kiti na kuipa kisogo ile ya nje, na kwa mara ya kwanza taa ikawa ya kijani. Kati ya antena hizo mbili sasa pana zaidi ya mita mbili kwa mshazari, pamoja na mlango, mabati ya injini na dashibodi nzima. Gharama ya kazi yote hiyo ilikuwa kishikio cha dola 20 na vibanio vichache vya plastiki. Zingatia pia kwamba kitabu cha maelekezo kinataka antena ya ndani iwe angalau sentimita 20 kutoka mwilini, jambo ambalo fundi aliyeibandika karibu na mto wangu hakuwa na habari nalo.

Baada ya taa kuwa ya kijani nilitaka kujua kwa hakika ninapata nini, na hapo ni lazima nikuombe usahau vijiti vya mtandao vilivyo juu ya kioo cha simu, maana kila mtengenezaji huvichora apendavyo. Kwenye iPhone, piga *3001#12345#* na utaonyeshwa namba halisi. Kwenye simu nyingi za Android iko katika mipangilio, sehemu ya hali ya laini. Namba hiyo ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu: -80 dBm (dBm ni kipimo cha nguvu ya mawimbi) ni raha tupu, -110 ni tabu, na ukipita -120 simu hukata tamaa. Nilichagua sehemu ya kuegesha iliyo kati ya Austin na Eureka ambako simu hushika na kuachia, nikazima busta, nikasoma -119. Nilipoiwasha, simu ikiwa kwenye kishikio chake sentimita 30 kutoka kwenye antena ya ndani, ilisoma -98. Niliisogeza hadi sentimita 60, ikashuka hadi -104. Nilipanda nayo kitandani, mita mbili nyuma, ikasoma -117, yaani ni kama busta haipo.

Namba hizo ndizo zilizonifundisha nilichonunua. Desibeli 50 za kwenye boksi hazifiki kwenye simu. Kwangu zilifika 21, na zilizobaki ziliishia kwenye nyaya na katika ule upepo mfupi kati ya antena ndogo na mkono wangu. Ukiongeza umbali maradufu unapoteza desibeli sita, yaani robo tatu ya nguvu yote, kwa hiyo simu isiyokaa karibu na antena haifaidiki. Kwa hesabu hiyo anayetaka kuitumia kitandani anunue antena ya ndani ya pili, au afanye kama ninavyofanya mimi: simu hubaki kwenye kishikio chake karibu na kiti, imewekwa kusambaza intaneti, na kompyuta ndogo au simu ya pili ndiyo huja kitandani.

Hata hizo 21 si haba. Picha ya hati ya mzigo, ambayo bila busta ilijaribu kwenda mara tatu ikakwama, iliondoka kwa sekunde 40. Mama alinipata, na ingawa picha yake iliganda mara mbili, sauti ilitulia kiasi cha kusikia jogoo wa jirani na kelele za mtu akipiga mswaki kwenye bomba la nje. Faida kubwa zaidi, hata hivyo, haikuonekana nikiwa nimeegesha bali nikiwa natembea. Kwenye vilele vya njia hii, simu yangu peke yake ilikuwa ikinipa dakika tano au sita za mawasiliano kabla ya kutokomea. Nikiwa na busta, dirisha hilo huanza mapema ninapopanda na hufungwa kwa kuchelewa ninaposhuka, na mara nyingi hunipa robo saa au zaidi. Robo saa inatosha kuzungumza na wakala, kupakua ramani ya mbele na kuangalia theluji ya kilele kinachofuata. Katikati ya mabonde makubwa, busta haikufanya lolote, na wala sikutarajia ifanye.

Sehemu ya antena katika mafanikio hayo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani. Antena ya simu imo ndani ya kiganja, ndani ya kichwa cha lori kilichozungukwa na alumini na vioo vilivyopakwa rangi ya kuzuia jua; fimbo yangu iko nje, mita tatu na ushei kutoka ardhini, haina kinachoizuia. Ndiyo maana humwambia anayeniuliza kwamba kama bajeti yake ni ndogo, apunguze kwenye kisanduku na asipunguze kwenye fimbo. Hasara ya fimbo ndefu ni matawi na milango ya maghala, na ya kwangu imeshagongwa mara mbili; ina springi chini, hulala ikainuka.

Mjini, busta ni kitu kingine, na hapa tathmini yangu si nzuri. Ukikaribia mnara wenyewe hujipunguza nguvu hadi kuwa kama haipo, hilo ni jema. Lakini katika hali ya wastani, kama pembezoni mwa Fernley au Elko, mara kadhaa nimepata intaneti ya polepole zaidi nikiwa nimeiwasha kuliko nikiwa nimeizima: jioni moja megabiti 22 kwa sekunde dhidi ya 60. Sababu ni mbili. Simu za leo zina antena mbili hadi nne zinazopokea mikondo tofauti kwa wakati mmoja, na busta yenye antena moja nje na moja ndani huibana mikondo hiyo yote ipite kwenye mlango mmoja. Pili, busta hizi hukuza masafa ya megahetzi 700, 850, 1900, na yale ya jozi ya 1700 na 2100, wala hazigusi masafa ya kati ambako 5G yenye kasi hasa hupita, wala megahetzi 600 ambazo kampuni ya simu ya T-Mobile huzitegemea sana vijijini. Simu ikiona masafa yaliyokuzwa yanang'aa, huyafuata na kuyaacha yale yenye kasi. Boksi langu limeandikwa 5G upande wa mbele, na si uongo, ila ni ile 5G tu inayopita katika masafa ya zamani. Kwa hiyo desturi yangu ni kuchomoa plagi kwenye tundu la sigara kila ninapoingia mji wenye taa za barabarani, na anayetumia T-Mobile peke yake atazame kwanza simu yake inashika masafa gani kwenye njia zake kabla ya kutoa hata senti.

Kuhusu sheria kuna mambo mawili tu ya kufanya, na yote ni mepesi. La kwanza ni kusajili kifaa kwa kampuni ya simu; Verizon, AT&T na T-Mobile zote zinapokea usajili huo mtandaoni bila malipo, na kwangu ulikwisha kabla chai haijapoa. La pili limeandikwa kwenye lebo yenyewe: ukipiga 911, namba ya dharura ya huku, kupitia busta, mahali ulipo huenda pasionekane kwa anayepokea, au paonekane pasipo. Katika barabara kama US-6, ambako gari la wagonjwa hutoka mbali, taja namba ya barabara na namba ya kibao cha maili kabla ya kueleza lolote jingine. Nami ningeongeza la tatu, la sokoni zaidi kuliko la kisheria: usinunue busta iliyotumika ya miaka ya kabla ya 2014, hata ukiuziwa kwa dola 40. Nyingi hukuza masafa mawili tu, zilitengenezwa kwa ajili ya 3G, na kampuni zote tatu kubwa zilizima mitandao yao ya 3G mwaka 2022.

Kila nikienda likizo, kuna shemeji au rafiki anayeendesha wageni mbugani ambaye huniomba nimpelekee kifaa hiki kwa ajili ya njia za Ruaha au Katavi. Nimekataa kila mara, na si kwa uchoyo. Mitandao ya kwetu hutembea kwenye masafa mengine, hasa 800, 900, 1800 na 2100, ambayo kwa sehemu kubwa busta ya Marekani haiyajui. Kibaya zaidi ni pale inapodhani inayajua. Megahetzi 1930 hadi 1990 huku ni sauti ya mnara ukizungumza na simu. Kwetu, masafa ya 1920 hadi 1980 ni sauti ya simu ikizungumza na mnara. Kifaa hicho kikifungwa kwenye Land Cruiser kule Iringa kitasikiliza upande usiostahili na kutangaza upande usiostahili, na anayeweza kuumia ni mtumiaji mwingine aliye jirani. Isitoshe, vifaa vya redio vinahitaji idhini ya TCRA kwa Tanzania na ya Mamlaka ya Mawasiliano kwa Kenya. Mwenye shida ya kweli aanze na antena ya nje iliyounganishwa na ruta ya laini inayotambuliwa huko. Hakuzi mawimbi ya mtu yeyote, hunyanyua tu sikio lake juu ya paa.

Je, ningeinunua tena leo? Nililipa dola 500 na ushei kwa seti ya malori, ukiongeza zile 180 za karakana ambazo sizihesabu tena, na siku hizi mambo yamebadilika. iPhone za kuanzia 14 zinatuma ujumbe wa dharura kwa setilaiti tangu Novemba 2022, T-Mobile ilifungua huduma yake ya ujumbe kwa setilaiti Julai 2025, na sahani ndogo za Starlink, za intaneti ya setilaiti, sasa naziona kwenye paa za malori kila ninapoegesha. Katikati ya bonde la US-6, sahani hiyo hushinda busta yoyote bila mjadala, kwa kuwa haimtegemei mnara wa mtu. Ila ina malipo ya kila mwezi, inataka anga iliyo wazi, na haifai kwa mtu anayetaka simu ya kawaida ilie mfukoni akiwa anaendesha. Njia zangu ni za pembezoni, mahali ambapo mnara upo lakini uko mbali, na huko busta inalipa gharama yake. Ningeinunua, tena ya malori tangu mwanzo, na ningeifunga mwenyewe.

Lile tundu la fundi bado lipo juu ya paa, halina kazi tena. Nimeliziba kwa silikoni mara mbili: ya kwanza iliachia wakati wa baridi, na nikaamka Ely mto ukiwa umelowa, ya pili imepita mvua za Aprili bila tone, na kila ninapopanda kitandani napapasa dari kwa kidole kuhakikisha.